Tumechemsha Amboni

Mabawa

Tangu ile picha yangu nikivutwa na trekta izunguke kwenye simu zenu, kila ninayekutana naye ananiuliza: ilikuwaje? Walimu wenzangu wananiuliza mapumzikoni, binamu zangu wananipigia kutoka Dar es Salaam, hata muuza maandazi wa pale Usagara kaniuliza huku anacheka mpaka machozi. Basi nimeona niandike mara moja, kila mtu asome, na mwenye kucheka acheke. Ila nawaomba msome mpaka mwisho. Hilo la trekta ndilo dogo kuliko yote.

Kwa wasiolijua gari langu, ni kigari cheupe cha kizamani. Kioo cha dereva hushushwa kwa kukisukuma na viganja viwili, na mlango wa abiria hufunguka kwa nje tu. Aliyeniuzia alikuwa anahama mji, na sasa najua kwa nini alikuwa na haraka. Shuleni wamelibatiza jina Mtihani. Miaka miwili sasa Jumamosi zangu nazimaliza gereji, nimekaa juu ya tairi bovu, nasikiliza mafundi. Wa kwanza alisema plagi. Wa pili akasema wa kwanza hajui kazi, tatizo ni pampu ya maji. Wa tatu alifungua boneti, akatazama, akaniambia "Pole, Mwalimu," kisha akaenda kunywa chai. Mama yangu, nikilalamika, hunijibu kwamba ukipenda boga, penda na ua lake. Mimi sikulipenda boga wala ua. Nilikuwa na uwezo wa boga hilo tu.

Sasa niwaambie safari yenyewe ilikuwa ya nini, maana wengi mnadhani tulikwenda harusini.

Mama ana dada mmoja tu, Mama mkubwa Rukia, aliyekuwa akikaa Moa katika nyumba ya babu yao, yule Mwarabu aliyekuwa na minazi. Binti yake, Sauda, ameolewa Maskati, na mwezi uliopita alikuja kumchukua mama yake akaishi naye moja kwa moja. Wangevuka mpaka Horohoro, wakalale Mombasa, kesho yake wapande ndege. Mnajua desturi zetu. Mtu akienda safari ya namna hiyo, na umri ule, ndugu na majirani huja kuagana naye na kutakana radhi, kwa sababu hakuna ajuaye kama wataonana tena.

Na mama yangu na dada yake walikuwa hawajasemezana miaka kumi na mmoja.

Ugomvi wao ndugu zangu mnaujua, ila rafiki zangu hamuujui. Bibi alipofariki, Mama mkubwa alimtuma jirani yake, Mzee Hemedi, aje Tanga na pikapu yake kumchukua mama. Pikapu ikaharibika Amboni. Mama alifika Moa magharibi, akakuta bibi ameshazikwa tangu alasiri na watu wanapiga kahawa. Hakuuona uso wa mama yake. Alisimama mlangoni mbele ya waombolezaji wote akamwambia dada yake kwamba amemzika mama yao kama mzigo. Mama mkubwa hakujibu neno. Tangu siku hiyo ukoo mzima ukawa upande wetu. Nilisikia kwa masikio yangu akiitwa roho ya jiwe, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliosema.

Kwa hiyo Alhamisi jioni mama aliponiita Mabawa, nyumbani kwake, akaniambia, "Zuhura, Jumamosi utanipeleka Moa, dada anaondoka baada ya adhuhuri," nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwambia tupande basi. Akasema magoti yake hayapandi ngazi za basi. Nikamkumbusha gari lenyewe ni lipi. Akasema analijua, na kwamba Mungu ni mkubwa.

Jumamosi saa moja asubuhi nilimkuta barazani na buibui lake jipya na kikapu cha zawadi: mikate ya kumimina miwili, doti ya kanga, na vifurushi vya viungo alivyovitwanga mwenyewe, iliki, mdalasini, bizari. Alisema huko Maskati dada yake atalishwa viungo vya dukani. Nikapiga hesabu kwamba saa tatu tutakuwa tumefika. Nilimtumia hata Sauda ujumbe kwamba tumeondoka.

Amboni

Tulifika Amboni mshale wa joto ukiwa umelala upande mwekundu. Kisha moshi ukaanza kutoka kwenye boneti, mweupe, na harufu ile ambayo mwenye gari bovu anaitambua hata usingizini. Nikaegesha pembeni. Nikashuka, nikafungua boneti kwa kitambaa, maji yakawa yanatokota kama sufuria ya muhogo.

Mimi nikikasirika huongea sana. Nikaongea na gari, nikaongea na aliyeniuzia, nikaongea na mafundi wote watatu wasiokuwepo. Halafu nikamgeukia mama, nikasema kwa mzaha wa hasira, "Kumbe Amboni ndiko magari yanakokuja kufia, kama lile la siku ya bibi." Mama hakucheka wala hakunigombeza. Aliniomba maji ya kunywa.

Basi la kwenda Horohoro likatokea. Nikalisimamisha, nikaongea na kondakta, akakubali kutushusha Maforoni, na kutoka pale tungepata usafiri wa Moa. Mambo yalikuwa mepesi kabisa. Nikaenda kumfungulia mama mlango, nikakuta ameushika kwa ndani kwa mikono yote miwili.

"Mimi siteremki Amboni," akasema.

Nikambembeleza. Nikamwambia kondakta atamshika mkono, ngazi ni tatu tu. Akarudia maneno yale yale, hakuongeza wala hakupunguza. Abiria wakaanza kunung'unika, kondakta akagonga bati, basi likaondoka. Wallahi nilimkasirikia mama yangu siku ile. Nilisema moyoni, huyu mwanamke hataki suluhu, ametafuta pa kukwamia. Niliona ni ukaidi wa magoti. Mama alikaa ndani ya gari lile, jua linampiga, jasho linamtiririka chini ya mtandio, na hakulalamika hata mara moja.

Ndipo nilipomwandikia Sauda. Nanukuu, kwa sababu ujumbe huu una kesi yake: "Sauda, tumechemsha hapa Amboni. Samahani sana. Mwambie Mama mkubwa asikasirike." Nikatuma, nikaweka simu mfukoni, nikaenda kuomba maji kwenye nyumba ya jirani. Mwanamke wa pale alinipa ndoo mbili na hakuniuliza chochote. Akasema magari yanayokuja kuomba maji kwake anayajua kwa majina.

Mtimbwani

Gari lilipopoa tuliendelea mwendo wa konokono. Kila baada ya kilomita chache ninasimama, ninamimina maji, tunasubiri, tunaondoka. Nikimpigia Sauda, simu haipatikani. Huko mpakani simu hudakwa na mitandao ya Kenya, kwa hiyo sikushtuka. Saa nne na nusu, kabla hatujafika Mtimbwani, mpira wa maji ukapasuka kabisa na gari likazima.

Hapo sasa ndipo lilipotokea trekta lenu. Lilikuwa la shamba la mkonge, na dereva wake mtu mpole asiye na maneno mengi. Alimwamkia mama shikamoo, akamwuliza kama ataweza kuvumilia vumbi, kisha akafunga kamba. Mimi nikashika usukani wa gari lisilo na uhai, nafuata majani ya mkonge yanayoning'inia nyuma ya tela. Aliyepiga picha ni mwanafunzi wangu wa zamani, alikuwa anapita na pikipiki. Nilimfundisha darasa la sita na alikuwa hajui kuandika insha. Kumbe kupiga picha anajua.

Dereva wa trekta alitufikisha kwa fundi wa Mtimbwani anayeitwa Elia. Babu yake Elia alishuka kutoka Usambara kuja kukata mkonge, na wao wamebaki hapo hapo, Walutheri, kwaya inaimba redioni siku nzima. Aliweka ncha ya spana kubwa kwenye injini na ncha ya pili sikioni, akafumba macho. Nikamwuliza itachukua muda gani. Akasema dakika kumi. Msimcheke mtu huyu, maana ndiye fundi pekee aliyelisikiliza gari langu kabla ya kusema.

Dakika kumi zikawa saa tatu. Mpira aliukata palipopasuka, akaunga kwa kipande cha bomba na waya. Lakini rejeta ya kupozea injini nayo ilikuwa inavuja, matundu madogo kama ya sindano, na kuyachomelea kungehitaji kulifungua gari lote. Elia akajifuta mikono, akamtazama mama, kisha akakitazama kikapu.

"Bibi, samahani. Humo ndani hamna bizari?"

Mimi nilidhani anataka kupika. Akaeleza kwamba unga wa bizari ukiingia kwenye rejeta yenye maji ya moto hujazana kwenye matundu na kuyaziba, si dawa ya kudumu, ila kwa kilomita arobaini hamsini inatosha. Nikaanza kusema hiyo ni zawadi, mama akawa ameshafungua kifurushi. Alisimama mbele ya boneti na buibui lake jipya, akaimimina bizari yote kwa mkono wake, polepole, mpaka karatasi ikawa tupu. Gari lilipowashwa, uwanja mzima ukanukia pilau.

Adhuhuri ilipoingia, Elia alizima redio bila kuambiwa, na mkewe akamtandikia mama mkeka ndani. Baada ya swala akatuletea bada, ule ugali wa muhogo, na kisamvu cha nazi. Akatuambia nyama ipo jikoni, lakini hana hakika imechinjwa na nani, kwa hiyo hakutupakulia. Nilimshukuru mno mama yule. Bada lilikuwa laini, nami nilikula kama sikuwa na haraka ya kwenda popote.

Mama alikuwa anakula taratibu. Ghafla akamwuliza Elia swali ambalo sikulielewa limetoka wapi: mtu akisema gari limeharibika njiani, wewe fundi unajuaje kama ni kweli?

Elia akacheka. Akasema hajui, na hakuna anayejua. Akasimulia kwamba kuna watu humpigia simu wamwombe awaambie wake zao kwamba gari liko gereji. Kuna mmoja hakwenda kwenye kesi ya shamba, akasingizia gari, na gari lilikuwa limelala kwake zima. "Gari ni la kusingiziwa tu, bibi," akasema. "Litasemwa lolote, na haliwezi kujitetea."

Mama akanawa mikono. Bada lake lilikuwa bado nusu.

Maforoni

Saa tisa kasoro tukawa Maforoni, pale unapoacha lami kushika njia ya vumbi ya Moa. Mtihani hakuchemsha hata mara moja. Nilikuwa nimeanza kumsifia, nampigapiga usukani, nasema pengine Sauda amechelewa kuondoka, wasafiri huchelewa. Mama alikuwa ameshika mkono wa kikapu.

Nikawauliza vijana wa bodaboda hali ya barabara. Mmoja wao, mtu mzima kidogo mwenye kofia ngumu ya bluu, akauliza tunakwenda kwa nani. Nikamtajia Bi Rukia.

Akasema Bi Rukia ameshaondoka. Wamepita hapo muda si mrefu na gari la kukodi kuelekea Horohoro, yeye amewapungia mkono. Yeye ni jirani yake kule Moa. Asubuhi alikuwepo barazani, watu walikuja wengi kuagana, na Bi Rukia alikuwa amewaambia gari lisiondoke mpaka mdogo wake afike. Lakini adhuhuri, mtandao uliporudi, ukaingia ujumbe kwenye simu ya Sauda.

"Ujumbe wa nani?" nikauliza. Akasema wa Mwalimu Zuhura wa Tanga.

Sauda ameondoka nchini zamani. Aliposoma "tumechemsha" alidhani tumekaa mahali tunachemsha chai, akaona ni utani mbaya. Akamwuliza huyu huyu jirani maana yake. Naye akamweleza kwa nia njema kwamba siku hizi mtu akisema amechemsha, amesema ameshindwa, ameghairi. Sauda akasoma tena: tumechemsha, samahani sana, mwambie asikasirike. Ikakaa sawa kabisa. Mama mkubwa alipoelezwa aliingia ndani, akaswali, akatoka, akapanda gari.

Nikamwambia gari ndilo lililochemsha. Yule bwana akavua kofia, akaishika mbele ya tumbo lake.

"Mwalimu, sasa si ungeandika limechemsha?"

Niliwahi kumpigia mtoto mstari mwekundu kwa kosa dogo kuliko hilo. Miaka kumi na minane nafundisha Kiswahili, nasimama ubaoni naeleza kwamba kiambishi cha mwanzo ndicho kinachotaja mtenda, tu- ni sisi, li- ni gari, halafu siku ambayo mama yangu anaitegemea kwa maisha yake yote, nachanganya. Nililia pale pale mbele ya watu, msione haya kwa niaba yangu, nilishaona mwenyewe.

Mama akaongea kutoka ndani ya gari. Hakunilaumu. Alisema, "Twende Horohoro." Yule jirani wa Bi Rukia, ambaye naona naye moyo ulimsuta, akawasha pikipiki na kutangulia kuwazuia Mama mkubwa na Sauda.

Horohoro

Mambo ya mpakani sitawachosha nayo. Itoshe kwamba foleni ilikuwa ndefu, Sauda alikuwa ndani na makaratasi, na bodaboda wetu alikuwa amefika. Mama mkubwa tulimkuta nje kwa muuza chai, amekaa kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani, miwani mikubwa. Amekuwa mdogo. Katika akili yangu alikuwa mwanamke mrefu.

Nilizima gari. Mama akauvuta mlango wake, na kwa ndani haufunguki, mnaujua. Kabla sijazunguka, Mama mkubwa aliinuka, akaja, akaufungua yeye.

"Shikamoo, dada," mama akasema bado amekaa.

"Marahaba. Nimeambiwa umechemsha."

"Gari limechemsha. Mimi nimekuja."

Wakashikana mikono, mmoja ndani, mmoja nje, mpaka watu wa foleni wakaanza kutazama. Kisha wakakaa kwa muuza chai. Nikaagiza vikombe vitatu. Nilidhani sasa zitafuata zile radhi za kawaida, nisamehe nikusamehe, machozi kidogo, tuagane. Hata nilikuwa nataka kuwapisha, mama akaniambia nikae.

"Asha," Mama mkubwa akaanza, "muda ni mchache, tutakane radhi."

"Ngoja," mama akasema. "Nina neno. Siku ile gari halikuharibika."

Alisema akitazama kikombe. Akasema Mzee Hemedi alikuja Mabawa asubuhi, wakaondoka vizuri, wakafika Amboni, na pale akamwomba asimamishe. Akateremka. Akakaa chini kando ya barabara na hakuweza kupanda tena. Kila akijaribu kuinuka anaona kwamba akifika Moa, akamwona mama yao amelala, basi ndiyo amekufa. Asipofika, bado yuko. Mzee Hemedi alimbembeleza tangu asubuhi mpaka jua likageuka. Waliposikia ameshazikwa ndipo alipopanda, na njiani akamwapisha yule mzee aseme pikapu iliharibika. Alipofika mlangoni na kuwaona watu, aibu ilimzidi, na aibu ile ikatoka mdomoni kwa sura ya hasira. "Nikakutwisha wewe," akasema. "Na Hemedi amekufa na siri yangu."

Jamani, mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha moto na sikuhisi. Nilikumbuka mikono yake miwili kwenye ule mlango asubuhi.

Mama mkubwa alikoroga chai yake, na sukari ilikuwa imekwisha yeyuka zamani.

"Najua," akasema.

Mama akainua uso.

"Hemedi alinipigia saa saba. Aliniambia, gari zima, Bi Rukia, ila mdogo wako amekaa chini, hawezi. Nikamwambia asikulazimishe. Maiti nikaizuia mpaka alasiri. Wazee wakasema sasa tunamtesa marehemu. Nikawaambia gari limeharibika, haya, mzikeni."

"Kwa hiyo neno hilo ulilisema wewe kabla yangu?"

"Ungewaambia nini watu? Nilikutangulizia."

Mama alijifunika uso kwa mtandio. Aliposema tena, sauti ilikuwa ya mtoto. Alimwuliza kwa nini alinyamaza miaka yote hiyo, watu wanamla nyama, hawaendi kwake Idi, wanamwita majina, na jibu analo.

"Ningelitoa, lingekuwa lako," Mama mkubwa akasema. "Mkubwa jalala, Asha. Mimi nimezoea."

"Nipe radhi yako, dada."

"Unayo tangu siku ile. Nilikuwa nangoja uje uichukue." Kisha akavua miwani na kuifuta na pindo la kanga. "Na wewe nipe yako. Nilifikiri nakusitiri, na kumbe nilikuacha nalo peke yako. Ningekuja Mabawa hata mara moja."

Mama akampa. Sikusikia maneno, walikuwa wamegusana vipaji vya nyuso. Sauda akatoka na makaratasi, akasimama kando akangoja. Mama alimkabidhi dada yake kikapu, akamwomba radhi tena kwa kuwa bizari haimo, imo kwenye rejeta, na nilipoeleza, Mama mkubwa alicheka mpaka akashika mbavu. Alilisogelea gari, akalinusa, akasema amekula mapilau mabaya kuliko hilo. Halafu wakamwita, akaenda. Aligeuka mara moja tu kabla ya geti. Mama alibaki amesimama mpaka nilipomgusa bega.

Kurudi

Kurudi hakukuwa na cha kusimulia. Bizari ya mama ilishika mpaka Mabawa, na Jumatatu yake rejeta ikavuja upya, gari lipo gereji sasa hivi ninavyoandika.

Ila njiani, tulipokwisha pita Mtimbwani, mama aliniuliza kama ile picha ya trekta watu wameiona. Nikamwambia wameiona, na wananiuliza ilikuwaje. Akasema niwaandikie. Nikamwambia nitaandika la trekta na la bizari, watacheka, yataisha. Akasema, "Na la mimi kukaa chini. Hilo usiliache."

Nilimwambia watu watamsema. Nilimwambia ana miaka sabini, amekwisha samehewa, hakuna anayemdai neno. Akanijibu kwamba dada yake amesemwa miaka kumi na mmoja na hakufa, basi na yeye watamsema kidogo. Niliogopa kuandika, nakiri. Nimekaa na karatasi hizi wiki nzima.

Basi haya, binamu zangu mliokuwa mkipita Moa bila kugonga mlango wake, na wewe mjomba uliyekuwa wa kwanza kumwita roho ya jiwe, na mimi Zuhura niliyeitikia: pikapu ya Mzee Hemedi ilikuwa nzima. Mama mkubwa alimzuia bibi mpaka alasiri. Aliyekosekana hakuzuiwa na gari.

Jana nilimpigia Mama mkubwa huko Maskati nikamwambia nimeandika, kila kitu, na kwamba nitawatumia ukoo mzima. Akauliza, "Mama yako anajua?" Nikamwambia ndiye aliyeniagiza. "Na hatadhurika?" Nikamwambia yuko hapa kando yangu, anasikia. Nikamsikia anavuta kiti.

"Basi nisomee," akasema. "Anza pale Amboni. Soma taratibu, na yeye asikie."